Waya wa Katikati

Jicho la kushoto la mjomba wangu halioni. Lipo, ila limefunikwa na kitu cheupe, na mtu akimuuliza lilipatwa na nini yeye hujibu neno moja tu, "betri," kisha anarudi kuinamia gari. Nilikuwa darasa la sita alipoletwa nyumbani akiwa amefungwa bendeji nusu ya kichwa. Watu wazima walisema asidi ilimrukia. Nami nikaamini hivyo kwa miaka, kwamba asidi huruka tu, vile mbuzi huruka ua.

Baadaye sana, nikiwa nimeanza kumsaidia kazi wikendi, ndipo aliponieleza. Chanzo cha yote kilikuwa waya mmoja mwembamba, mwekundu, uliofungwa mahali ambapo haukufaa kufungwa. Nimejaribu kuufuata waya huo nyuma, karakanani na vitabuni, na umenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia: Italia, Paris, Ohio, halafu ukanirudisha Grogan.

Grogan ni Kirinyaga Road, Nairobi. Jina la barabara lilibadilishwa zamani, lakini lile la mlowezi Ewart Grogan, aliyesifika kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, halijatoka midomoni mwa mafundi. Mtu atakwambia "naenda Grogan kutafuta stata" bila kumfikiria mlowezi yeyote. Mjomba amefanya kazi huko maisha yake yote ya utu uzima. Ni fundi wa umeme wa magari, na hasa wa magari makubwa.

Gari dogo lina betri moja ya volti 12 na mambo yake ni rahisi. Lori, trela na basi la Isuzu la viti 33 hutumia volti 24. Fundi hatafuti betri moja ya volti 24. Anachukua mbili za 12 na kuziunga kwa mfuatano. Hasi ya betri ya kwanza inafungwa kwenye chesisi. Chanya yake inaunganishwa na hasi ya betri ya pili kwa kipande kifupi cha kebo nene. Chanya ya betri ya pili ndiyo inayokwenda kwa stata. Ukiweka mita kati ya chesisi na chanya hiyo ya mwisho, unasoma 24 na ushee. Ukiiweka kati ya chesisi na kile kipande kifupi, unasoma 12 na ushee. Hapo katikati pakumbuke, tutaparudia.

Mjomba ana mfano wake. Kuunga kwa mfuatano, anasema, ni watoto wawili kubebana mabegani ili wafikie embe. Urefu umeongezeka, lakini miguu iliyo chini ni ya mtoto mmoja. Kuunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni watoto haohao kubeba gunia moja pamoja: hawajawa warefu, ila watafika mbali. "Sasa kwa wale waliobebana, wa chini akilegea magoti, usiniulize wa juu atafanya nini."

Tena hata hiyo betri moja ya volti 12 ndani yake ni seli sita zilizobebana, kila moja volti 2 hivi. Kwa hiyo basi la volti 24 lina seli 12 kwenye mstari mmoja. Umeme unaoingia wa kwanza lazima upite kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Hakuna seli inayoweza kuruka foleni.

Aliyeonyesha ulimwengu jambo hili ni Alessandro Volta, profesa wa Pavia. Mwezi Machi 1800 aliandikia Royal Society ya London barua akieleza mnara mdogo alioujenga: kisahani cha fedha, kisahani cha zinki, kipande cha kadibodi kilicholoweshwa maji ya chumvi, kisha fedha tena, zinki tena, kadibodi tena. Jozi moja ilitoa umeme hafifu. Jozi nyingi zikipangwa juu ya nyingine zilimrusha mtu mkono. Yaani betri ya kwanza kabisa duniani ilikuwa tayari ni seli zilizobebana. Kasoro yake ni kwamba ilichoka na haikuchajika.

Betri ya kuchaji ilikuja mwaka 1859, kwa Mfaransa Gaston Planté, aliyetumbukiza mabati ya risasi ndani ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Ni ileile tunayoibeba mpaka leo Grogan, kwa mikono miwili na mgongo ukilia. Mwenzake Camille Faure aliiboresha mwaka 1881 kwa kupaka mabati hayo uji mzito wa oksidi ya risasi, ili ichajike haraka na ihifadhi zaidi. Lakini kitu cha Planté kilichonishangaza ni namna alivyochaji. Zama zake hakukuwa na altaneta wala soketi ukutani. Umeme wa kuchajia aliutoa kwa seli mbili za Bunsen, zenye volti chache tu. Volti chache haziwezi kusukuma umeme ndani ya mstari mrefu wa seli. Basi akaweka swichi maalumu. Wakati wa kuchaji, seli zote zilikaa sambamba, kila moja ikinywa kwenye kikombe kimoja. Wakati wa kutumia, aligeuza swichi zikapangwa kwa mfuatano na volti zikapanda. Angalia vizuri alichofanya: hakuna seli iliyopewa zaidi ya mwenzake, na hakuna iliyotolewa zaidi ya mwenzake.

Kwa muda mfupi hivi ilionekana kama magari yote yangekwenda kwa betri. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari lenye umbo la risasi ya bunduki, jina lake La Jamais Contente, kwa kasi ya kilomita 105.88 kwa saa. Lilikuwa gari la kwanza kupita kilomita 100 kwa saa, na lilikuwa la umeme. Mfumo wake ulikuwa wa volti 200. Kwa seli za volti 2, fanya hesabu mwenyewe: ni seli 100 kwenye mstari mmoja, na mtu amekaa juu yake kifua wazi, hana paa wala mkanda. Michuki angemkamata.

Petroli ilishinda, tunajua. Ila ilishinda kwa msaada wa betri, na hapa ndipo tunafika Ohio. Gari la petroli la mwanzo wa karne ya 20 liliwashwa kwa hendeli: unasimama mbele ya injini, unaingiza chuma, unazungusha. Injini ikipiga nyuma, chuma kinarudi na mkono wako. Watu walivunjika mikono, wengine taya. Charles Kettering na wenzake wa Delco, mjini Dayton, wakatengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Tatizo lao lilikuwa lilelile la basi la viti 33, kwa kinyume kidogo. Kuzungusha injini kulihitaji volti 24 kwa sekunde chache. Taa na chaji zilihitaji volti 6 tu. Kettering hakwenda kuchomeka waya mahali fulani katikati ya betri na kusema, hapa nimepata sita zangu. Alifanya kama Planté: wakati wa kuwasha betri zilipangwa kwa mfuatano, injini ikishika zikarudi sambamba, na stata yenyewe ikageuka jenereta ya kuzichaji. Miaka mingi baadaye malori ya dizeli ya Marekani yaliendelea na ujanja huohuo, volti 24 za kuwasha na 12 za kutembelea.

Ulaya na Japani waliona kugeuza-geuza ni usumbufu. Lori lao liliwekwa volti 24 kwa kila kitu: stata, taa, honi, vipangusio. Sababu ni dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inaibana hewa mara 15 hadi 20 mpaka ipate moto wa kuwasha mafuta, na kuizungusha ikiwa baridi ni kazi ya punda. Stata ya wati 4,800 ikitumia volti 12 inataka ampea 400. Kwa volti 24 inataka 200. Ampea zikipungua nusu, joto linalopotea kwenye kebo hiyohiyo linashuka hadi robo. Ni uamuzi mzuri wa kihandisi na siwalaumu hata kidogo. Lakini waliacha shimo moja: redio, spika na vikorombwezo vyote vya burudani vya magari duniani vinaundwa kwa ajili ya gari dogo, na gari dogo ni volti 12.

Nairobi ililiona hilo shimo. Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, nyingi zilikuwa vigari vidogo na pikapu, na hata Nissan za abiria 14 zilizokuja baadaye zilikuwa volti 12. Ukifunga redio ya Nyamakima kwenye Nissan, inaimba. Taabu ilianza mabasi ya viti 33 yalipoingia barabarani kwa wingi. Sasa matatu ni nganya, na nganya bila mziki haijai. Sheria za Waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo, na kelele zikapungua kwa muda. Kwa muda, nimesema. Kijana wa shule anachagua gari kwa besi inayotikisa dirisha, na mwenye gari anajua hivyo kuliko anavyojua bei ya dizeli.

Amplifaya inataka 12. Gari lina 24. Njia halali ni kununua konveta, kijisanduku kinachochukua umeme kutoka ncha zote mbili za mstari na kuushusha. Kinauzwa, na kile chenye nguvu ya kusukuma spika za nganya si cha bei ya mchezo. Njia ya pili ni bure. Unachukua waya, unaufunga kwenye kile kipande kifupi cha kebo kati ya betri mbili, unaupeleka kwa amplifaya. Mita inasoma 12. Mziki unalia. Kila mtu anaenda nyumbani akiwa na furaha.

Yaliyobaki yanafanyika polepole, gizani, ndani ya boksi la betri. Altaneta ya gari la volti 24 inatoa kama volti 28, na haijui kuna betri mbili. Inaona jumla tu. Betri zikiwa sawa, kila moja inapata 14, na hiyo ni afya. Lakini sasa ile ya chini, iliyofungwa kwenye chesisi, inalisha stata pamoja na mwenzake halafu inalisha mziki peke yake. Inachoka, volti zake zinashuka. Pengine inakaa 12.5. Ile ya juu haijatoa kitu kwa mziki, imejaa tangu asubuhi, lakini umeme wa kuchaji hauwezi kumfikia wa chini bila kupita kwake. Basi yeye anapata 15.5. Jumlisha: 28. Altaneta imeridhika, dashibodi iko sawa, dereva hana habari. Ya chini inalala na njaa, na mabati yake yanaota salfati ngumu isiyotoka tena. Ya juu inalazimishwa kula ikiwa imeshiba. Inachemka, maji yake yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni, inanuka yai viza.

Cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba fundi asiyejua huona ile iliyokauka maji ndiyo mbovu. Anaitoa, anaweka mpya, anaiacha ile yenye njaa palepale. Baada ya miezi michache mpya nayo imekauka, na watu wanasema betri za siku hizi ni feki.

Siku ya jicho, basi lililetwa Grogan saa tisa mchana likiwa haliwaki vizuri. Walilisukuma likashika, na dereva hakutaka injini izimwe kwa sababu alitaka kuwahi abiria wa jioni. Mjomba alifungua boksi. Betri ya juu ilikuwa ya moto na imevimba ubavuni. Alijua imejaa gesi. Kila fundi anajua ile harufu. Alijua pia kwamba injini ikiwa inanguruma, umeme unapita kwenye kila kebo, na ukiichomoa itatoa cheche. Jambo la kwanza ni kuzima injini, la pili ni kuacha boksi lipate hewa, na hasi ya chesisi ndiyo hutolewa kabla ya nyingine zote. Alilegeza kile kipande cha katikati kwanza, huku injini ikienda. "Nilikuwa na haraka ya mtu mwingine," aliniambia. Cheche ikakutana na gesi. Kifuniko cha betri kilimpata usoni kabla ya asidi.

Nikamuuliza ni mjinga gani alikuwa amefunga waya wa mziki pale. Alinyamaza, akasugua spana kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Ni mimi."

Alikuwa ameufunga miezi miwili kabla. Dereva yuleyule alikuja na amplifaya, hana pesa ya konveta, na anayemfuata foleni alikuwa tayari kumfungia kwa mia tatu. Mjomba akachukua mia tatu. Alijua ubaya wake. Alikuwa amefundishwa na Mhindi mmoja mwenye karakana ambaye hakuruhusu mtu kugusa katikati hata kwa balbu ya kabati. Lakini Grogan nzima ilikuwa ikifanya hivyo, na magari yalikuwa yakitembea. Kwa hiyo lile neno moja, "betri," ambalo nililisikia utoto wangu wote, si jibu la mtu mwenye kiburi. Ni mtu anayepita haraka mahali ambapo hataki kusimama.

Nimewaza pia kuhusu betri zenyewe. Iliyostahili kuishi miaka inakufa kwa miezi, inauzwa kwa kilo, na risasi iliyo ndani inakwenda kuyeyushwa mahali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua mahali hapo ni wapi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimepakana na nyumba zao, na watoto wakapatikana na risasi damuni. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, alipigania wakazi hao mpaka akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakapokonywa na Mahakama ya Rufani, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2024. Sisemi waya wa mziki ndio uliojenga kile kiwanda. Magari yanatupa betri kwa sababu nyingi. Ila kila betri iliyochemshwa bure na amplifaya iliongeza kilo zake kwenye lile rundo.

Mwaka 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo, ya muundo wa BYD K6, yalianza kubeba abiria Nairobi. Nilimpeleka mjomba akaone moja. Alilizunguka mara mbili, akaniuliza betri ziko wapi na ni volti ngapi. Nikamweleza ninachokijua: seli za litiamu na fosfati ya chuma, kila moja volti 3.2 hivi, zikipangwa 100 kwa mfuatano zinafika 320. Ni mstari mrefu kama wa Jenatzy. Kuna kompyuta ndogo inayopima kila kundi la seli peke yake, na iliyojaa kabla ya wenzake inapunguzwa ili wengine wafikie, ama chaji yote inasimamishwa.

"Kwa hiyo wameajiri mtu wa kukaa pale katikati," akasema.

Yeye mwenyewe siku hizi ana taratibu yake. Betri mbili zikija zimechoka, anatoa kile kipande cha kebo, anachaji kila moja kivyake kwa chaja ya volti 12, anaziacha zitulie usiku kucha, na asubuhi anazipima. Zikitofautiana sana, haziungi pamoja, hata mwenye gari apige kelele namna gani. Na anauza mbili, hauzi moja. Akikuta waya wa mziki katikati anaukata, anaukunja vizuri, anampa dereva mkononi pamoja na bei ya konveta.

Jumamosi iliyopita alimpa kijana mmoja wa basi la Rongai. Kijana akautazama ule waya, akamwambia, "Sawa mzee, nitarudi." Akawasha gari, akasonga mbele hatua kama ishirini, akasimama kwa fundi wa pili. Tulikuwa tunakunywa chai. Kabla hatujamaliza vikombe, besi ikaanza.